Rangi ya Kuzuia Maji Haifufui Paa Lililokufa

Doa la maji likijitokeza kwenye dari, mwenye nyumba hutafuta mtu wa kupanda juu kabla mvua haijarudi. Siku chache baadaye paa linang'aa jeupe, mvua ya kwanza inapita salama, ya pili nayo inapita, na fundi anasifiwa kwa majirani. Msimu unaofuata doa linarudi, safari hii limepanuka, na lawama zote zinaiangukia ndoo: rangi ile ilikuwa feki. Rangi feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi rangi ilikuwa halali kabisa, ila ilipewa kazi isiyo yake.

Mpako wa kinga juu ya paa bapa ni kazi ya matunzo. Sokoni unauzwa kama kazi ya ukarabati, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Ukipakwa juu ya paa ambalo bado zima, unaweza kuliongezea miaka mingi. Ukipakwa juu ya paa lililokwisha kuoza ndani, unaficha ushahidi kwa msimu mmoja au miwili, huku uozo ukiendelea taratibu chini yake.

Ili kuona kwa nini ni hivyo, tufuate namna paa bapa linavyochakaa. Jua ndilo linaloanza. Miale ya urujuanimno na joto huondoa mafuta mepesi yaliyomo ndani ya lami iliyofunika slabu ya zege, lami ikakakamaa, ikapoteza unyumbufu wake na kuanza kuchanika. Paa jeusi kwenye jua kali hufika nyuzi joto 65 za Selsiasi na kuzidi. Usiku mbingu ikiwa wazi, paa lilelile hupoa hadi chini ya joto la hewa inayolizunguka. Kila siku linatanuka, kila usiku linajikunja. Zege hurefuka kwa takriban sehemu 10 katika kila milioni kwa nyuzi moja ya joto. Inasikika kama hesabu ya mchezo, lakini slabu ya mita 20 ikipanda nyuzi 40 inarefuka kwa milimita 8. Milimita hizo lazima ziende mahali. Zisipoachiwa kiungo cha kutanukia zitajitengenezea chao, nacho tunakiita ufa.

Ufa ukishapatikana, maji yanajua njia. Yanashuka hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inasukuma zege kutoka ndani hadi siku moja kipande cha dari kinadondoka sakafuni na nondo inaonekana, nyekundu na nyembamba.

Mpako unaingia mwanzoni kabisa mwa mlolongo huo. Unapigwa na jua kwa niaba ya paa. Ukiwa mweupe unapunguza kupanda na kushuka kwa joto, kwa hiyo unapunguza pia ule msukumo wa kutanuka na kujikunja. Ukiwa na unyumbufu wa kutosha unafunika nyufa nyembamba kama unywele na kunyooka pamoja nazo. Wenyewe unaliwa mwaka hadi mwaka, na hilo ndilo kusudi lake: uliwe wenyewe, upakwe tena, na kilicho chini kibaki kizima. Lakini mlolongo ukishafika kwenye nondo, hakuna kitu ndani ya ndoo kinachoweza kuurudisha nyuma.

Kwa hiyo wakati mzuri wa kupaka ni pale ambapo paa halivuji. Ni ushauri mgumu kuuza. Nani atoe pesa kwa paa ambalo halijamlalamikia? Methali ya ufa na ukuta imetumika mno kuuza ndoo za rangi, lakini anayeuziwa huwa tayari ana ufa, na pengine ukuta umeshaanza kutikisika.

Tatizo la kwanza la paa linalovuja ni kwamba limelowa ndani. Maji hayavuji pale yalipoingilia. Yanapita kwenye tundu moja, yanatembea kati ya tabaka na tabaka, yanakutana na mshono au bomba la nyaya mita kadhaa mbele, ndipo yanadondoka. Fundi anayepanda na kupaka mraba ulio juu ya doa anapaka mahali pa kutokea maji, na pa kuingilia pako kwingine. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna zege au tabaka la kuzuia joto lililojaa maji kama sponji.

Mpako ukifungwa juu ya unyevu huo, jua la mchana linaufukuza unyevu uelekee juu ukiwa mvuke. Mvuke unakuta mlango umefungwa. Unachofanya ni kuinua mpako, na hapo yanatokea malengelenge. Anayetaka kuyaona vizuri apande saa nane mchana: yamevimba, ukiyabonyeza kwa kidole yanadidimia kisha yanarudi. Akipanda alfajiri atayakuta yamesinyaa, ngozi yake imekunjamana, na akipasua moja kwa kisu atakuta chini yake pamelowa na pengine tone au mawili ya maji. Dawa inayotumika sana ni kulipasua, kulikausha kwa kitambaa na kupaka juu. Baada ya muda linatokea jingine jirani yake, kwa sababu unyevu haujakwenda popote.

Kuna jaribio moja la zege ambalo ningelitaka liwe sharti kabla hata ndoo haijanunuliwa. Chukua kipande cha nailoni angavu cha kama sentimita 45 kwa 45, kibandike juu ya zege kavu kwa tepu pande zote nne ili hewa isipite, kisha kiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikiinua ukakuta matone upande wa ndani, au zege chini yake limekuwa jeusi kuliko la pembeni, paa halijawa tayari. Rudia sehemu kadhaa, hasa zile ambazo maji hukaa. Ni jaribio lisilogharimu chochote isipokuwa subira, na nadhani ndiyo sababu halifanywi: fundi amelipwa kwa kazi, wala si kwa kungoja. Kwa paa lenye tabaka la kuzuia joto chini ya utando, yaani lile tandiko la lami au mpira lisilopitisha maji, wakaguzi hutumia kamera ya kupimia joto jioni jua likishazama. Sehemu zilizolowa huchelewa kupoa, kwa hiyo hujichora zenyewe kwenye kioo. Halafu wanakata kipande kidogo kwa kisu kuthibitisha, na wanakiziba.

Tuje kwenye maji yanayotuama. Paa bapa halitakiwi kuwa bapa. Kiwango cha Uingereza, BS 6229, kinamtaka mchoraji apange mteremko wa 1 kwa 40 ili, baada ya mapungufu yote ya ujenzi, ubaki angalau 1 kwa 80, yaani sentimita moja na robo kwa kila mita. Katika fani ya mapaa, maji yakiwa bado yamesimama saa 48 baada ya mvua kukatika, hayo huhesabiwa kuwa yametuama. Sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10, kwa hiyo dimbwi la mita 20 za mraba lenye kina cha sentimita 5 ni tani nzima iliyokaa juu ya slabu. Slabu inalemewa, inabonyea kidogo, dimbwi linapata kina zaidi.

Mpako wa unene usiofika milimita moja hauwezi kusahihisha mteremko. Hili liko wazi kwa hesabu, lakini kila siku kuna mtu anayeahidiwa kwamba rangi fulani "inamaliza kabisa tatizo la madimbwi". Mara nyingi kosa liko kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji: ulikaa juu kuliko paa tangu siku ya ujenzi. Halafu kila awamu ya kupaka inaongeza ukingo mwembamba kuuzunguka mdomo huo, mkono wa rangi juu ya mkono, hadi maji yanapaswa kupanda kilima kidogo ndipo yapate kutoka. Kushusha mdomo huo, kusafisha mabomba na kujaza mabonde kwa saruji yenye mteremko ni kazi chafu isiyong'aa. Bila hiyo, kupaka ni kupendezesha sakafu ya bwawa.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote: mkataba wa "mikono miwili". Mikono miwili ya nini? Ya unene gani? Rola iliyokamuliwa na rola iliyolowa vizuri zote zinapita mara mbili, na matokeo yake yanatofautiana mara tatu au nne. Kinacholinda paa ni unene wa mpako ukishakauka, na hesabu yake ni rahisi mno kwa kitu ambacho watu wengi hawakifanyi. Lita moja ikisambazwa juu ya mita moja ya mraba inatoa unene wa milimita moja ikiwa mbichi. Kama nusu ya ujazo wa rangi ni maji au kiyeyusho kitakachoruka, kinachobaki ni nusu milimita. Kila mtengenezaji wa maana anaandika kiwango hicho cha ujazo usioruka kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, na pia unene mkavu anaoutaka.

Chukua paa la mita 100 za mraba na rangi ya akriliki ambayo nusu yake ni yabisi, yaani ujazo usioruka, mtengenezaji akitaka nusu milimita ikikauka. Zinahitajika lita 100, yaani ndoo tano za lita 20, kwenye uso laini. Zege lenye vinyweleo litakunywa zaidi. Fundi akija na ndoo mbili, hata akipaka mikono minne, paa litapata milimita 0.2. Akiongeza maji ili rola iteleze, ndoo mbili zitaonekana kama tatu, lakini yabisi iliyomo ni ileile. Paa litakuwa jeupe, picha zitapendeza, na mpako utaisha kabla ya nusu ya muda ulioandikwa kwenye ndoo. Kisha mwenye nyumba atasema rangi zote ni sawa tu.

Kuna njia tatu za kumbana fundi bila kugombana naye. Mkono wa kwanza uwe wa rangi moja, kijivu kwa mfano, na wa pili uwe mweupe. Mahali rola iliporuka panajionyesha. Kitana kidogo cha chuma chenye meno ya kupimia kinachomekwa kwenye rangi ikiwa mbichi na kusoma unene papo hapo, kinatosha mfukoni. Na ndoo tupu zisitupwe hadi mwenye mali azihesabu. Hii ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi.

Kuhusu aina za mipako nitakuwa mfupi, kwa sababu uchaguzi wa aina unapewa uzito usiostahili ukilinganisha na maandalizi. Akriliki ina maji ndani yake, ni rahisi kutumia, inastahimili miale ya jua na gharama yake ni ya chini. Udhaifu wake ni maji yaliyosimama, ambayo huilainisha na kuibandua. Kwa paa linalomwaga maji vizuri ningeanza nayo na nisione haya. Poliuretani ni ngumu zaidi, inafaa pale watu wanapopita kwenda kwenye matangi au mitambo ya kupozea hewa, lakini ile ya bei nafuu hugeuka njano na kuchakaa juani isipofunikwa na aina nyingine ya familia hiyohiyo inayostahimili mwanga. Lami iliyochanganywa na unga wa alumini bado ni kinga nzuri ya utando wa lami.

Silikoni ndiyo inayotangazwa kwa nguvu siku hizi, na kweli inavumilia maji yaliyotuama kuliko akriliki. Ila mnunuzi aingie akijua. Inavuta vumbi, ikilowa inateleza vibaya, na juu yake hakishiki kitu kingine isipokuwa silikoni. Ukiichagua leo, umeshachagua pia kwa ajili ya atakayelipaka paa hilo miaka 15 ijayo, au atakayelazimika kuikwangua yote. Sisemi isitumike. Nasema isitumike kama njia ya kukwepa kurekebisha mteremko.

Rangi ya kawaida ya ukutani juu ya paa ni pambo.

Kushikamana nako kuna mitego yake. Lami hutoa mafuta yanayopenya mpako mweupe na kuugeuza kahawia, ndiyo maana inahitaji praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia mpako, ya kuyazuia. Utando wa mpira huwa na vumbi laini ambalo lisipooshwa mpako unabanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Zege jipya lipewe siku 28 kukomaa. Karibu na bomba la moshi la jikoni mafuta ya kupikia hukaa juu ya paa, na maji matupu hayayaondoi. Namna ya kujua ni kupaka kipande kidogo, kuzamisha ndani yake ukanda wa kitambaa cha poliesta na kuacha ncha yake nje, kungoja wiki moja, kisha kuuvuta. Ukitoka na mpako wote ukiacha paa safi, tafuta praima nyingine. Mpako ukichanika wenyewe na sehemu ukabaki umeng'ang'ania paa, endelea.

Hali ya hewa nayo haidanganyiki. Uso wa paa uwe na joto linalozidi kwa angalau nyuzi 3 kile kiwango ambacho umande huanza kutua, la sivyo unapaka juu ya utando wa maji usioonekana kwa macho. Fundi anayeanza saa kumi na mbili asubuhi ili akwepe jua anaweza kuwa anapaka juu ya umande.

Lakini kama kuna sehemu moja ya kumtazama fundi kwa makini, ni pembeni. Katikati ya paa huvuja mara chache. Panapovuja ni paa linapokutana na ukuta wa ukingo, bomba linapotoboa slabu, pembe za mashimo ya kutolea maji, na nguzo za chuma za mabango na matangi. Desturi nzuri ni utando kupanda ukutani angalau milimita 150 juu ya uso wa paa, na pembe zote kuzungushiwa kitambaa cha poliesta kilichozamishwa ndani ya mkono wa kwanza. Rola haiingii huko. Ni kazi ya brashi na magoti. Fundi anayejua kazi hutumia siku yake ya kwanza, wakati mwingine na ya pili, kuzunguka kingo tu, na uwanja mkubwa wa katikati anaumaliza kwa muda mfupi. Ukiona ameanza na uwanja wa katikati kwa sababu ndio unaoonekana kutoka ghorofa ya jirani, una sababu ya kuuliza maswali.

Neno kuhusu ubaridi wa nyumba, kwa kuwa ndio unaouza mipako mingi kuliko ulinzi wenyewe. Ni kweli kwamba paa jeupe linaweza kuwa na uso wenye joto pungufu kwa nyuzi 28 au zaidi kuliko jeusi kwenye jua lilelile. Wizara ya Nishati ya Marekani inataja kiwango hicho. Lakini hilo ni joto la uso wa paa. Chumbani utasikia nafuu kubwa ikiwa kati yako na paa hakuna kizuizi cha joto, na nafuu ndogo ikiwa kizuizi kipo kinene. Weupe wenyewe haudumu. Vumbi na ukoga huula, ndiyo maana Baraza la Marekani la kupima mapaa ya namna hii, Cool Roof Rating Council, hutangaza vipimo viwili: cha mpako mpya na cha mpako uliokaa nje miaka 3. Muuzaji akikupa namba moja tu, amekupa ile ya kwanza.

Paa gani basi lisipakwe? Lile ambalo vipimo vinaonyesha sehemu kubwa imelowa. Wakaguzi wengi huanza kusita ikikaribia robo ya eneo. Lile ambalo utando wake umeachana na slabu, ukitembea unasikia chini ya kiatu pakidunda. Lile lenye nondo zilizofunuka upande wa chini. Huko pesa ziende kwenye kufumua. Ikiwa ni vipande vichache vilivyoharibika, vikatwe, vijazwe upya, vikauke, ndipo paa zima lipakwe. Faida ya mpako inatokana na kuahirisha ufumuaji: vumbi, kifusi, wapangaji wa kuhamisha, hofu ya mvua kukukuta slabu ikiwa wazi. Kuahirisha huko kunawezekana mara ya pili na ya tatu, kwa sababu anayepaka upya kabla mpako wa kwanza haujaisha anahitaji kuosha, kukagua na kuongeza mkono, basi. Ndiyo sababu makadirio ambayo karibu gharama yote ni rangi, na maandalizi yameandikwa mstari mmoja, yanafaa kurudishwa kwa aliyeyaleta.

Mwisho kuna dhamana. "Miaka 10" kwenye ndoo kwa kawaida ni dhamana ya bidhaa: ikithibitika rangi ina kasoro, unapewa rangi nyingine. Gharama ya fundi, ya jukwaa na ya dari iliyoharibika hubaki kwako. Soma maandishi madogo utakuta maji yaliyotuama yametolewa, mtikisiko wa jengo umetolewa, na ukaguzi wa mara kwa mara umewekwa kuwa sharti. Utakuta pia unene mkavu ambao chini yake hakuna dai lolote. Kwa hiyo unene huo uandikwe kwenye mkataba wa fundi kwa milimita, na upimwe siku ya kazi mbele ya mwenye mali. Usipopimwa siku hiyo utapimwa siku ya mgogoro, na anayepima safari hii ni mtu wa kiwanda: atakata kipande cha mpako, atasoma milimita 0.2, na faili litafungwa hapo.